Kimea cha Sikukuu ya Mavuno

Kuku wa kwanza alikufa Ijumaa alfajiri na Bertilla hakumjali sana. Julai ndio mwezi wa kideri huko Ufipa. Upepo wa baridi huvuma mchana kutwa na kila nyumba huzika kuku wake. Lakini ilipofika saa tatu walikuwa wamekufa wanne, wote palepale alipopepetea ulezi jana yake, na mtetea wa tano alikuwa anatetemeka chini ya uchaga wa vyombo huku mate yakimtoka.

Mama Limi alimkuta amesimama mbele ya mizoga, ungo mkononi. Huyu Mama Limi alikuwa Msukuma. Yeye na mumewe walihamia na ng'ombe wao, huo ukiwa mwaka wa tatu, wakajenga bondeni, na kila asubuhi alipandisha maziwa kijijini. Watu walinunua maziwa yake na kuyasifia, kisha wakiingia ndani wakalalamika kuhusu ng'ombe wake waliokanyaga matuta yao. Bertilla mwenyewe alikuwa mmoja wa hao, tusimfiche.

"Hawa hawajafa kwa kideri, mama Herieth," alisema Mama Limi. "Kideri kinamsinzisha kuku siku mbili tatu. Hawa jana jioni niliwaona wanakimbizana."

Aliomba kisu, akampasua mmoja chini ya shingo, pale chakula kinapokaa kabla hakijateremka. Palijaa ulezi, na katikati ya punje kulikuwa na unga wa rangi ya waridi. Ulezi wenyewe ni mwekundu, ndiyo maana hakuna aliyeuona unga huo wakati wa kupepeta. Mama Limi alinusa vidole, akavifuta haraka kwenye majani, akasema kwao aliwahi kuona ndama aliyekufa kwa kulamba dawa ya josho, na harufu ilikuwa ya namna hiyo. Akauliza ulezi ulihifadhiwa kwenye nini.

Bertilla aliutua ungo. Aliingia ndani, akaushika mfuko wa salfeti alioufungua jana na kuugeuza. Upande uliokuwa umetazama ukuta ulikuwa na maandishi yaliyofifia na picha ya fuvu la kichwa juu ya mifupa miwili. Akaugeuza na wa pili, ambao ulikuwa bado umeshonwa mdomo. Nao ulikuwa hivyohivyo.

*

Magunia ya katani yalitoweka pamoja na ushirika. Zamani ushirika ulileta magunia, ukaleta mbolea, ukachelewa kulipa, na watu wakautukana. Sasa ushirika umelala, kila mwenye lori anakuja na bei yake, na gunia jipya pale Sumbawanga mjini ni la kulitazama tu na kuliacha dukani. Mwezi Juni, Isdori alipomaliza kuuza mahindi kwa mwenye lori mmoja, aliomba mifuko miwili mitupu aliyoiona nyuma ya kiti cha dereva. Alipewa bure. Utingo alicheka akamwambia, "Chukua mzee, ukajifunike." Isdori alisikia aibu mpaka masikioni, lakini mifuko aliichukua. Ilikuwa imebeba mbegu ya mahindi, ile inayopakwa dawa ili isiliwe na wadudu.

Bertilla alimkuta nyuma ya nyumba anatia mpini jembe.

"Mifuko uliiosha?"

"Niliiosha mtoni."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Ilitakata."

"Na fuvu uliliona?"

Isdori aliweka jembe chini. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alikuwa mtu aliyechoka kununua vitu. "Niliona," alisema. "Ndiyo maana nikaligeuzia ukutani. Nilijua ukiliona utaogopa bure."

Bertilla alifungua kinywa ampe anayostahili, na hapohapo akakumbuka kimea. Akakaa chini kwenye vumbi.

Jumapili hiyo ilikuwa Sikukuu ya Mavuno pale kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji, na mwaka huu zamu ilikuwa ya nyumba yao. Nyumba yenye zamu ndiyo inayootesha kimea kutoka kwenye ulezi wake mpya, inakianika, inakisaga, halafu inakigawa kwa nyumba zitakazopika kimpumu, pombe ya ulezi, ili vyungu vyote vya sikukuu viwe na chanzo kimoja. Ni heshima kubwa. Mwenye zamu akiulizwa ulezi wa wapi, anajibu kwa sauti ya kusikika: wa matuta ya mwaka huu. Kimea cha mwaka huu alikitengeneza Bibi Kristiana, mama yake Isdori, peke yake katika kibanda chake, maana kazi hiyo hakuwahi kumwachia mtu na Bertilla alikuwa bado shambani anang'oa maharage ya mwisho. Jumatano asubuhi kimea kiligawiwa kwa nyumba nne. Jumatano mchana Bibi alipanda lori kwenda Sumbawanga kumtazama binti yake Justina, aliyekuwa amejifungua.

Nyumba nne. Na kimea ni kitamu, watoto hukilamba kikiwa unga.

"Nimewaua watu," Bertilla alimwambia mumewe. Alisema kwa utulivu kiasi kwamba Isdori aliogopa zaidi.

*

Mama Limi alikuwa bado uani. Alisema, "Twende wawili." Bertilla alisita, kwa sababu hata katika saa ile alifikiria watu watasemaje wakimwona anazunguka na yule mwanamke wa ng'ombe. Kisha akajionea haya, akajifunga kanga, wakaenda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Cornelia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza kitu, akaburuta chungu chake mpaka nyuma ya nyumba, akamwaga uji wote uliokuwa umeanza kuumuka. Kuni za siku mbili na ulezi wake mwenyewe vilikwenda na maji. Alikirudisha kibuyu cha kimea kwa mkono wa kushoto, akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Nyumba ya pili walidhani ni mzaha. Ya tatu hawakumwaga. Walisema wanasubiri neno la mwenyekiti, na yule baba wa nyumba akauliza kama Isdori siku hizi anaokota na viatu.

Ya nne ilikuwa ya Coleta. Huyu ndiye aliyekuwa na zamu mwaka uliopita, na mwaka mzima hakuwaacha watu wasahau. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, wakati Bertilla anaeleza kutoka chini, kwa maana alikuwa amepiga magoti.

"Mwaka jana hakuna aliyeumwa hata kichwa," alisema Coleta. "Ulezi wangu ulitoka kwenye tuta ukaingia kwenye kihenge. Haukupitia kwenye mfuko wa kuomba." Akageuka, akaonyesha ndani. "Na Sharon anaumwa tumbo tangu jana. Nilikuwa nashangaa ni nini. Alilamba kimea chako, nilimwona mwenyewe."

Sharon, mjukuu wake wa miaka minne, alikuwa amelala kwenye mkeka amejikunja. Bertilla alimtazama akiwa bado amepiga magoti. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili, na mwezi ule mganga alikuwa mjini anafuatilia mshahara. Mama Limi alipita katikati yao bila kukaribishwa, akampapasa mtoto tumbo, akamtazama macho, akaomba kikombe. Akamimina maziwa ya kuuza aliyokuwa nayo. Coleta alikiangalia kikombe kile kwa muda. Katika miaka mitatu hakuwahi kununua maziwa kwa Msukuma, akisema yana harufu ya moshi. Mwishowe alikipokea na kumnywesha mtoto, akajaza cha pili.

Jioni Felisian, mwenyekiti wa jumuiya, alitoa uamuzi wake. Vyungu vitatu vilivyobaki visifunguliwe. Kesho saa nne vipelekwe kigangoni, vimwagwe mbele ya watu wote, ili asitokee mlevi wa kusema ngoja nijaribu kidogo. Alimwambia Bertilla awepo. Hakuwa na ukali alipomwambia, na jambo hilo lilimuumiza Bertilla kuliko ukali.

Usiku ule hakula. Herieth, binti yake, alimwekea ugali, ukapoa, ukaondolewa. Isdori alikaa kando akarudia mara mbili kwamba kosa ni lake yeye, na angekwenda kusema hivyo mbele ya watu. Bertilla alimjibu kwamba watu hawataulizana mfuko ulikuwa wa nani. Watakumbuka kimea kilitoka jikoni kwa nani. Alichokuwa anasikiliza usiku kucha ni kama kuna kilio kutoka upande wa kwa Coleta.

*

Kilio hakikutoka. Jumamosi saa nne vyungu vitatu vilikuwa vimepangwa kwenye uwanja wa kigango, na watu walikuwa wengi kuliko wanaofika kwenye Rozari. Vikongwe waliketi kwenye jiwe refu karibu na mlango, na Bibi Dominika, mama mkwe wa Coleta, alikuwa katikati yao na ugoro wake. Bertilla alisimama peke yake karibu na vyungu. Isdori alikuja kusimama pembeni yake, jambo ambalo wanaume wa pale hawalifanyi mara nyingi.

Felisian alikuwa ameshika ukingo wa chungu cha kwanza lori la kutoka mjini liliposimama barabarani. Bibi Kristiana aliteremka na kapu lake, lililojaa migebuka mikavu, samaki wa ziwani kutoka Wampembe, aliyoinunua sokoni kwa ajili ya sikukuu. Alipoona watu, akafikiri kuna msiba. Alipoona vyungu, akaongeza mwendo.

"Mnamwaga nini?"

Felisian alimwamkia shikamoo, akamweleza yote kwa heshima, tangu mifuko mpaka kuku mpaka Sharon. Bibi alisikiliza. Alimwangalia mwanawe, akamwangalia mkwewe, ambaye alikuwa amekonda kwa siku moja. Kisha akawaangalia wale vikongwe kwenye jiwe, nao wote wakatazama chini.

Bibi angeweza kunyamaza. Vyungu vingemwagwa, aibu ingekuwa ya Bertilla na mfuko wa Isdori, na yeye angebaki na jina lake la kuotesha kimea kizuri kuliko wote. Miaka arobaini na zaidi aliyokaa kijijini pale ilikuwa imesimama juu ya jina hilo. Aliweka kapu chini.

"Kimea hiki hakikutoka kwenye mifuko ya Isdori," alisema.

"Kilitoka wapi, mama?"

"Kwenye kihenge changu. Ni ulezi wa mwaka juzi."

Watu walianza kunong'ona. Raymond, katekista, ambaye tayari alikuwa ameandika sala ya kesho, alitoa miwani akaifuta. Coleta alisema kwa sauti kwamba sasa mama anamtetea mkwewe, na kwamba mtu akipenda jamaa zake anaweza kusema lolote. Bibi alimpa mgongo. Alimgeukia Bertilla.

"Mwanangu, ile mifuko Isdori aliishona mdomo?"

"Aliishona, mama. Kwa uzi wa katani."

"Nani alikata uzi?"

"Mimi. Mfuko mmoja. Wa pili mpaka leo umeshonwa."

"Ulikata lini?"

Bertilla alihesabu siku kwa vidole. Aliukata Alhamisi, alipotaka kupepeta ulezi wa ugali wa sikukuu. Kimea kiligawiwa Jumatano. Kabla ya hapo kililowekwa, kikaota, kikaanikwa, siku nane nzima. Mifuko yote ilikuwa imefungwa siku zote hizo, na yeye ndiye aliyekata uzi kwa mkono wake, na hofu ikamfanya asahau mkono wake mwenyewe. Alikuwa na hakika kimea ni cha ulezi mpya kwa sababu kila mwaka husemwa hivyo, na ulezi mpya haukuwa mahali pengine ila kwenye mifuko ile.

"Alhamisi," alisema.

Felisian aliuachia ukingo wa chungu. Yeye ni mtu wa taratibu, akataka kujua kila kitu. Akauliza kwa nini ulezi wa zamani, wakati desturi inasema mpya.

"Kwa sababu ulezi mpya hauoti," alisema Bibi Kristiana. "Unauloweka, nusu unachipua, nusu unavunda, pombe inakuwa chungu. Ulezi unataka kulala kwanza, mwaka, miaka miwili. Mama mkwe wangu alinionyesha mwaka nilioolewa, akaniambia nisiseme, maana wanaume wanapenda kusikia ni mpya. Nimefanya hivyo kila ilipofika zamu yetu. Kama ni dhambi ni yangu, msimbebeshe huyu."

Bertilla alimtazama mama mkwe wake, akaelewa maneno yale yalikuwa na bei gani kwake. Akataka kumwendea, lakini Coleta alikuwa hajamaliza.

"Labda kwenu," alisema Coleta. "Kwetu sisi mwaka jana kimea kilikuwa cha ulezi mpya, na kila mtu alikisifia."

Bibi Dominika, ambaye ndiye aliyekiotesha kimea hicho, alitoa kidole kwenye ugoro.

"Coleta," alisema, "nani alikuambia?"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Cornelia, ambaye chungu chake kilikuwa kimekwisha mwagwa na aliyekuwa na haki kuliko wote ya kununa. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Vikongwe wengine kwenye jiwe walianza kusukumana mabega, mmoja akakiri, wa pili akasema mwaka wake yeye ulezi ulikuwa wa miaka mitatu, na Felisian, mwenyekiti wa taratibu, aligeuka akatazama mlima ili asionekane. Katikati ya kicheko kile Sharon alipita mbio akimfukuza mwenzake kati ya vyungu. Mama yake akamdaka, akaeleza kwa aibu kwamba Alhamisi alimkuta amemaliza mapera mabichi ya mti mzima, lakini mama mkwe wake, Coleta, alikwisha tangaza kuwa ni kimea, basi yeye akaona anyamaze.

Bertilla alikwenda mpaka ukuta wa kigango, akauegemea, akalia. Hakujificha. Alilia kwa raha, kamasi na machozi, na Bibi Kristiana alikuja akasimama karibu naye akimfuta kwa pindo la kanga, akimwambia inatosha, inatosha, watu wanatuangalia.

*

Mchana Isdori alichimba shimo refu mbali na kisima, akazika ulezi wote pamoja na mifuko yake. Mavuno ya mwaka ya ulezi yaliingia ardhini na hakuna aliyemdhihaki. Walikuwa na mahindi, walikuwa na kihenge cha mama, na watoto wa watu walikuwa wazima. Jioni yule baba aliyeuliza habari za viatu alileta gunia la katani kuukuu, akaliacha mlangoni bila kubisha hodi.

Bertilla yeye aliteremka bondeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumbani kwa Mama Limi. Alimwomba radhi kwa maneno aliyoyasema nyuma yake, na Mama Limi akasema hata yeye alikwisha sema yake kuhusu Wafipa, basi wako sawa. Walikaa wakizungumza. Mama Limi alisimulia kwamba kwao sikukuu ya mavuno huangukia siku za sikukuu ya Ekaristi Takatifu kanisani. Baada ya misa ngoma mbili hushindana, wachezaji wanakuja na nyoka na fisi ili kuvuta watu, na anayebaki bila watazamaji ndiye aliyeshindwa. Alisema tangu wahame hawajaisherehekea, kwa sababu sikukuu haichezwi na nyumba moja. Bertilla alimwambia kesho wasipike nyumbani.

Lakini walipika. Jumapili baada ya ibada walipandisha sufuria mbili kubwa, moja ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, kuanikwa na kupikwa tena kwa karanga, na nyingine ya maziwa ya mgando. Vikawekwa mezani pamoja na ugali wa ulezi wa Bibi Kristiana, maharage, na migebuka ya Wampembe. Watu walichukua matobolwa moja moja kwa adabu ya mgeni. Baadaye walichukua mawili mawili. Coleta alionekana akiuliza viazi vinaanikwa siku ngapi.

Kabla ya kula, katekista Raymond alisimama mbele ya vyungu akafungua karatasi yake. Alikuwa amepata usiku mzima wa kuibadili sala ile na hakuibadili. Alisoma kwa sauti yake ya kanisani, akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa mikono ya wakulima, na kwa kinywaji hiki kilichotokana na ulezi mpya wa mwaka huu. Vikongwe wote kwenye jiwe wakapatwa na kikohozi kwa pamoja.

"Amina," alisema Bibi Kristiana kwa nguvu kuliko wengine, na Bertilla akaitikia pamoja naye. Kisha akakaa chini na sahani yake. Tangu Ijumaa hakuwa amemeza kitu. Alikula mpaka akaona haya, akaangalia huku na huku, akanyoosha sahani aongezewe.